Kibao cha Mjomba Swichini

Februari 3

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amepasuliwa macho salama, ila daktari anasema bandeji itakaa miezi miwili. Barua yako ya juzi nilimsomea, akacheka hadi daktari akamkanya.

Kituo chenu cha zamani cha umeme kinageuzwa maktaba, nami nimepewa kazi ya kuandika historia yake ukutani. Faili linasema mjomba aliuawa na umeme kwa uzembe: aliingia kutengeneza mitambo bila kutundika kibao chake cha tahadhari. Wewe ndiye uliyekuwa swichini. Niandike hivyo?

Mwanao

Februari 19

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila nyumba bila mama yako imepoa. Chai napika mwenyewe na kuinywa kwa uvumilivu. Anarudi lini?

Andika zilikuwa injini tatu, kelele mpaka tukazungumza kwa mikono. Andika watu walivyoshangilia taa za kwanza. Ya mjomba wako yaache. Yaliyopita si ndwele.

Baba yako

Machi 2

Baba,

Shikamoo. Siwezi kuyaacha, ndiye pekee aliyefia mle. Mama anasema kaka yake hata mlango wa choo aliujaribu mara mbili. Miaka ishirini na sita haelewi alisahauje, na akitajwa analia kwa aibu. Nisaidie.

Mwanao

Machi 20

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nazifupisha.

Hakusahau. Kila fundi alikuwa na kibao chenye jina lake. Akiingia kwenye mitambo anakitundika swichini, na hakuna wa kukitoa ila mwenyewe. Cha mjomba wako kilikuwepo. Hospitali ilikuwa haina umeme, wakubwa wananipigia simu. Nikasikia mtu anacheka uani, nikadhani ni yeye ametoka. Nikakitoa kwa mkono wangu, nikawasha. Kisha nikakitia mfukoni, na walipouliza nikasema sikukiona. Nilimuua shemeji yangu, nikamzika na jina baya.

Andika ukweli. Ila mama yako usimsomee. Nitamwambia mwenyewe akirudi.

Baba yako

Aprili 4

Baba,

Shikamoo. Barua zako nikizifungua tu namsomea mama kwa sauti, maana huzingoja kwa hamu. Hata hii ya mwisho. Nilipofika pale uani nilitaka kuikunja barua, akanishika mkono: "Endelea." Nilipofika unaponikataza, alikuwa ameshayasikia yote.

Aliuliza tu, "Kumbe miaka yote nalia, yeye ndiye aliyekuwa ananifuta machozi?"

Ukutani nimeandika kwamba mjomba alitundika kibao chake. Wewe sikukutaja, mama alinizuia. Mimi bado ni mwanao, lakini leo inaniuma kuwa mwanao.

Bandeji inatolewa Jumatatu. Tiketi yake ya basi nimeirudisha. Amesema usiende kumngoja stendi.

Mwanao