Pasteri Alipodhani Masasi ni Roho

Jumatatu, saa sita mchana. Vumbi la kiangazi limejaa mpaka kwenye kibodi ya kompyuta ya hii siberi ya intaneti, mtaa wa Asiatique, umeme unaweza kukatika wakati wowote, na mimi nina hasira. Nitaandika haraka.

Nimechoka na fujo za watu wa Mungu.

Tunasali kwenye depo ya zamani ya mizigo: paa la bati, mlango mmoja. Mimi ni wa protokole, wale tunaovaa kitambaa begani na kuonyesha watu pa kukaa. Ni kazi ya bure, maana hakuna anayekaa tunapomwonyesha. Viti vya plastiki vinaongezwa mpaka njia ya katikati inafungika. Maombi yakianza, kila mtu anapiga kelele zake kwa wakati mmoja, ngoma zinalia, na Pasteri anawafunika wote kwa sauti ya mikro yake. Kama Mungu anasikia chochote hapo, basi ana subira kuliko nilivyofundishwa utotoni.

Kwenye mkutano nilisema tuache njia wazi, tuombe kwa zamu, na mtu mmoja abaki macho mlangoni, kwa sababu hii ni Bujumbura na vita haijaisha. Pasteri akacheka. Akasema utaratibu ni wa makanisa yaliyokufa, Roho hapangiwi programu. Wote wakaitika amina. Paulo aliwagombeza Wakorintho kwa fujo hii hii, lakini nani anasoma? Biblia zao ni za kubeba kwapani.

Haya, ya jana sasa.

Mama yangu anakaa mbele kabisa, karibu na bafle, ile spika kubwa ya muziki, kwa sababu masikio yake yamechoka na anasema pale Neno linamtetemesha kifua. Mimi nilikuwa mlangoni, nyuma kabisa. Katikati ya maombi nikasikia masasi, milio ya bunduki. Kwanza yalikuwa ya mbali, upande wa milimani, na hayo tumeyazoea, mtu haachi hata kula. Halafu yakaja barabara ya nyuma. Watu wa viti vya nyuma wakasikia, wakalala kifudifudi kama kila mtu wa mji huu anavyojua kulala.

Pasteri akafungua macho, akaona nusu ya kanisa iko chini.

Unadhani aliuliza kuna nini? Thubutu! Aliruka juu: "Moto! Roho ameshuka kule nyuma! Ninyi wa mbele musibaki hivi, simameni, inueni mikono, mupokee!"

Na wa mbele wakasimama. Mama naye akamwona Pasteri ameinua mikono, akainua yake.

Nikaanza kwenda kwake. Nipite wapi? Viti kila mahali. Nikawaruka waliolala huku napiga kelele, "Ni masasi! Mulale chini!" Pasteri akaninyooshea kidole. "Huyo dada iko na pepo. Mumushike!" Wenzangu wawili wa protokole, ambao hawajawahi kumtoa mlevi hata mmoja mlangoni, wakanikamata kwa nguvu ambazo sikujua wanazo. Mmoja akanibandika kiganja kwenye paji la uso akaanza kukemea, "Toka! Toka!", mate yakinirukia. Mimi namwona mama yangu amesimama wima, masasi yanalia nje, na wapumbavu hawa wananitoa pepo.

Sijawahi kuchukia watu hivyo ndani ya nyumba ya Mungu. Naandika hivyo hivyo na sifuti.

Risasi moja ikatoboa bati, ikapasua bafle. Hapo ndipo kila mtu akasikia, na wa kwanza kulala alikuwa Pasteri, nyuma ya ngoma, mikro mkononi. Walionishika wakaniacha wakajitupa chini. Kanisa zima lilikuwa sakafuni isipokuwa mama yangu, mikono juu, macho amefumba. Bafle ilipokufa, kwake dunia ilinyamaza tu.

Nilitambaa juu ya migongo ya watu, nikamvuta kitenge, akaniangukia. Mzima. Ashukuriwe Mungu, siyo Pasteri.

Masasi yalipotulia, Pasteri alijikung'uta suti akatoa ushuhuda kwa sauti kavu, bila muziki: eti Roho alijua risasi inakuja, ndiyo maana akatangulia kuwalaza watu wake. Vigelegele! Aibu haina mahali pa kukaa kanisani kwetu, viti vyote vimejaa.

Njia nzima kurudi nyumbani Mutanga Nord mama alilia. Nilidhani ni woga. Nikamwinamia sikioni nikamwambia mama, yameisha. Akatikisa kichwa.

"Wote walianguka," akasema. "Hata watoto. Mi peke yangu nilibaki wima. Mungu ananikatalia nini?"

Nikapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka: mama, yalikuwa masasi, watu walikuwa wanajificha! Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye kiziwi. "Apana, mwanangu. Pasteri alisema ni Roho. Pasteri anaweza kuongopa?"

Ukiwa na mikro unaaminika kuliko mtoto wa kuzaa.

Leo asubuhi, nikijiandaa kwenda kazini, nilisikia kishindo chumbani kwake. Nikakimbia. Ameshusha godoro sakafuni na anainuka kutoka juu yake, polepole, kwa sababu ya nyonga yake mbovu. Akasimama, akafumba macho, akainua mikono, akajiachia tena. Alikuwa anajifunza kuanguka, ili Jumapili asibaki tena peke yake.

Akaniuliza kama anaanguka vizuri.

Nilimsaidia kuinuka, nikarudisha godoro kitandani, nikatoka.

Leo nikimaliza kazi siendi nyumbani moja kwa moja. Napita kwa Pasteri, na sitaomba miadi. Atakuja mpaka Mutanga Nord na suti yake, ainame kwenye sikio la mama yangu, na kwa sauti yake ile kubwa aseme neno moja tu: niliogopa.