Sare Kambani Kabla ya Sabato

Awendo, Alhamisi usiku

Unisamehe, shajara yangu. Nilinyamaza muda mrefu kwa kukosa jambo jema la kuandika, na hata leo sina.

Mjukuu wangu Achieng' ameitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa ya kriketi ya wanawake. Yatafanyika Jumamosi, siku ya Sabato. Mimi ni shemasi kanisani, naye hataki kwenda bila baraka yangu.

"Dani, si Mama ulimruhusu?" aliniuliza mimi bibi yake.

Nilimruhusu. Mama yake, binti yangu Atieno, aliichezea timu hiyo ilipokuwa bado ikisafiri. Kisha mechi zikapungua, simu zikakoma, na hakuna aliyewaambia wasichana wale kwamba yamekwisha. Kwa miaka mingi aliifua sare yake kila Ijumaa, pamoja na nguo zetu za ibada, akingoja kuitwa.

Leo nimemkuta akiifua tena, kwa ajili ya mwanawe.

"Mama, mwache aende," akasema bila kugeuka. "Angalau nitapata mwenzangu wa kungoja."



Nikikataa, mtoto hatanisamehe. Nikikubali, tutavunja Sabato kwa ajili ya timu isiyojua kama mwakani itacheza. Nimeomba, lakini bado sijapata jibu.

Kambani zimeanikwa nguo mbili za Achieng': gauni la kanisani na sare ya mama yake, iliyokwisha kuchujuka. Kesho, kabla jua halijatua, lazima nipige pasi moja. Nikishajua ni ipi, nitakuandikia.