Mahari ya Kusomeshwa

Na kama ulivyonijibu mara ile kwenye safu yako gazetini, Bi Kidawa, nisione haya kuyataja mahari ninayoyataka mwenyewe, basi niliyataja, na sasa nakuandikia kutoka Kikwajuni nikiwa mke wa mtu, alhamdulillahi, mke wa Abdulwahid, na mikono bado ina hina na kila nikiitazama nacheka peke yangu. Sikutaka kitanda wala seti ya dhahabu. Nilitaka anisomeshe kazi yake, ya kuandika programu za kompyuta, na sheikh alipoyataja mahari mbele ya watu mzee mmoja wa upande wao akauliza, "Programu ya redio?" watu wakacheka, lakini Abdulwahid hakucheka, alisema "Nimekubali" kwa sauti niliyoisikia mpaka huku ndani kwa wanawake, nikalia, na somo yangu, yule aliyenifunda, aliyekaa ubavuni akanifinya nisiharibu wanja.

Na ahadi ameitimiza kwa namna ambayo hata kwenye tamthilia sijaiona. Fungate haijesha akaniletea vitabu vinne vizito, vya Kiingereza, kila kimoja amekiandika ndani kwa mkono wake: "Kwa habibti wangu, soma hichi kwanza." Vyote vinne vimeandikwa soma hichi kwanza. Kimoja kinafundisha kuandika programu safi ambayo mwenzako akiisoma haumwi kichwa. Kimoja ni cha teknolojia huria, yaani kazi yako unaiacha wazi, kila mtu aone ndani, achukue, arekebishe palipoharibika, na niliposoma kwamba usimfiche mwenzako kitu nilikifunga nikakikumbatia. Cha tatu kinaeleza namna kikundi kinavyofanya kazi kwa vipande vidogo vidogo na kuonesha kila wiki walichomaliza. Cha nne sijakifahamu bado, ni kinene mno na michoro yake kama ya mafundi umeme. Na anavyovitunza vitabu jamani! Kile cha kikundi, anachosema amekisoma mpaka amekihifadhi, kurasa zake zilikuwa bado zimegandana, ilibidi nizibandue kwa kisu cha siagi.

Wifi yangu Wanu, dada yake, alipoviona alisema, "Wifi, wenzio walipewa kabati, wewe umepewa vya kuzuilia mlango."

Nikamwambia, "Una wivu."

"Wivu! Huyu kakaangu nimekua naye nyumba moja. Hajawahi kumaliza kusoma hata karatasi ya dawa."

Ana maneno Wanu, lakini nampenda, maana yeye na kaka yake wana pua moja.

Kitabu cha kikundi kinasema kila asubuhi watu wasimame kidogo, kila mmoja aseme jana amefanya nini, leo atafanya nini, na nini kinamzuia. Basi mimi husimama mlangoni Abdulwahid akivaa viatu, nasema, "Jana nilisoma. Leo nitasoma. Kinachonizuia, sijagusa kompyuta." Naye hucheka akanibusu kwenye paji la uso. "Mashaallah, unakwenda vizuri, habibti. Maliza hicho kwanza." Kompyuta ina neno la siri na hajanipa, kwa sababu ni ya kazi, na mimi nampenda mwanamme anayeiheshimu kazi yake.

Jioni huja Anuar, mwenzake wa kazini, wakakaa ukumbini, mashine moja watu wawili, mmoja anaandika mwengine anaangalia, mara "hapo umekosea, futa," mara wanacheka wenyewe. Kumbe hata hilo limo kitabuni, lina sura yake nzima, na sijapata kusoma kitu cha mahaba kama kile, watu wawili bega kwa bega, wanapokezana kiti, na hakuna anayejifanya anajua zaidi. Nawapelekea chai na kaimati, nasimama nyuma yao kidogo, Abdulwahid anageuka ananitazama kwa macho yake yale na kuniuliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?" nami narudi jikoni nikasome.

Sasa Bi Kidawa nipo mbele yako na kijambo, sisemi shida, ila kinaninyima usingizi. Juzi baba alitoka Jambiani kuja kututembelea, akatuletea sabuni za mwani anazotengeneza mama na wenzake, na sabuni hizo ndizo zilizonifanya nitake kusomeshwa, kwa sababu nataka nimtengenezee mama programu ya kupokea oda, wateja wanampigia simu naye akiwa baharini na mwani wake, akirudi ameshawasahau. Tukiwa tunakula baba akamuuliza mume wangu, "Mwanangu, yale mahari?"

"Nshamlipa, baba. Vyote anavyo," akaonesha rafu.

Baba akanigeukia. "Mardhiya, ushapokea?"

Nilitia tonge kubwa mdomoni.

Baba akaningoja, akaniangalia, akasema, "Tafuna taratibu. Nitakuuliza tena nikija."

Nikisema ndiyo, nimemdanganya baba kwa jambo la ndoa. Nikisema bado, namuaibisha kipenzi changu ambaye amejitahidi na vitabu vyote hivi. Kwa hivyo nielekeze, Bi Kidawa, kati ya vinne hivi kipi ni cha kwanza kweli, na kama kipo chengine cha kusomwa kabla yake nikitafute, nivimalize upesi, ili baba akija niwe nimeshasomeshwa.

Ni mimi mwenye furaha yangu,
Mardhiya, Kikwajuni

BI KIDAWA ANAJIBU

Hongera, mwanangu Mardhiya, na hina idumu. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, wenzangu wakacheka, lakini nilipofika kwa baba yako nikarudia kuisoma sehemu hiyo. Mzee yule jibu ameshalijua. Mtu hamwambii mwanawe atafune taratibu kama hajaona kitu.

Unauliza kitabu kipi cha kwanza. Hakuna. Yarudie mahari yako uyasome herufi kwa herufi. Uliahidiwa kusomeshwa, umepewa vya kusoma. Kusoma unaweza peke yako jikoni. Kusomeshwa lazima awepo mtu mwengine, akae, achoke, akueleze tena ulipokuwa hukufahamu. Hilo "eshwa" la mwisho ndiyo mahari yako, na mume wako bado amelishika mkononi.

Abdulwahid simuiti mbaya. Mume mbaya hahangaiki na vitabu. Nadhani anaona haya. Anayemsomesha mkewe hufika pahala akasema "hili nami silijui," na bwana harusi mpya hapendi kulisema. Tena pengine anakuogopa, kwa kuwa wewe umeshasoma kurasa ambazo yeye hata kuzibandua hakuzibandua.

Lakini na wewe! Umesoma sura nzima ya watu wawili na mashine moja, kisha ukambebea chai mtu aliyekaa kwenye kiti chako. Umesoma kwamba teknolojia huria ni kazi iliyoachwa wazi, na nyumbani kwako kuna kompyuta iliyofungwa, unasema ni kuheshimu kazi. Kila asubuhi unamwambia mumeo kinachokuzuia, anakubusu, kinachokuzuia kinabaki palepale, na wewe unaona siku imeanza vizuri. Kupenda ni kuzuri, mwanangu, lakini macho nayo yana kazi yake.

Sasa fanya hivi. Kitabu ninachokipendekeza ni hicho cha kikundi, sura ya watu wawili, na asome yeye. Kiweke juu ya kompyuta kikiwa wazi, asiweze kuanza kazi mpaka akiondoe. Jioni Anuar akija mkaribishe vizuri, umwambie leo zamu yangu, na akipenda abaki atazame. Wewe ndiye ukae mbele ya vitufe. Mume wako aweke mikono magotini afundishe kwa mdomo. Akiinyakua mashine akakuandikia, futa, muanze upya. Kuhusu neno la siri, akufungulie sehemu yako mwenyewe kwenye kompyuta hiyohiyo. Linawezekana hilo, nimeuliza, na wala haligusi kazi zake.

Kazi yenu ya kwanza iwe sabuni za mama, tena ndogo hasa: mteja aandike jina lake na sabuni anazozitaka, mama akitoka baharini azione. Basi. Rangi na mapambo yatakuja baadaye. Kila Ijumaa mkishakula mumuoneshe mtu mlichokifanya, hata kama kinachechemea, na mtu huyo awe Wanu, maana yeye hatakusifu bure. Vitabu usivitupe. Mkikwama, fungueni kinachohusika, msome pamoja palepale mlipokwama, kisha mrudi kazini. Kile kinene kinaweza kungoja mpaka mpate watoto.

Baba akikuuliza, mjibu mbele ya mumeo, na mdomoni pasiwe na kitu: "Bado, ila ameshaanza kunilipa." Uhakikishe kwanza kwamba ni kweli. Hakuna mume aliyeaibika kwa kuonekana analipa.

Na mimi sijitoi, kwa sababu mahari hayo ni mimi niliyekutia moyo uyatake. Kabla ya mwezi huu kwisha nitakuja Kikwajuni. Abdulwahid akinifungulia mlango nitamwambia nimekuja kumuangalia mwanafunzi wake. Akiniuliza mwanafunzi gani, nitavua viatu, nitaingia, na nitakaa mpaka akumbuke.