Mabuti Namba Tisa

Mjomba,

Mabuti yako ya mpira yalipotea usiku uleule tuliokupoteza wewe: mwaka jana, wiki ya pili baada ya Idi, kati ya kupita kwa treni ya usiku na adhana ya alfajiri. Wewe tulikuzika saa kumi jioni. Mabuti hatukuyaona. Jozi moja, meusi, ya kazi, namba tisa, yalikuwa na siku kumi na moja tu tangu nikupe. Nimeyatafuta mwaka mzima. Sasa najua yalikokuwa, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shikamoo. Najua husomi; hata ulipokuwa hai barua zako nilikuwa nakusomea mimi. Basi fanya kama nimekaa kwenye gogo letu nakusomea, nawe umefumba macho unaniambia, "Endelea, Karani, masikio hayajalala."

Habari za nyumbani kwanza. Mkazamjomba ametoka eda salama, na bado anapika uji wa watu wengi kuliko tuliopo. Sukari hatuijui rangi yake. Matanuri ya mkaa uliniachia mawili. Ninayo manne, na wanaume sita chini yangu, ambao wawili kati yao huniita "binti" wakitaka kuniudhi. Kile kibali cha msitu nimekitundika ukutani. Ndicho nilichokwenda kukifuata Kisarawe bomani siku ile. Nilikaa kwenye benchi la ofisi siku mbili, nikateremka na karatasi yangu yenye muhuri, nikafika Mzenga nikakuta watu wamejaa uani kwako, wanaume wameshika majembe.

Sikukuona. Walikuwa wameshakufunika udongo.

Mtu pekee aliyekuwa nawe usiku ule ni Rajabu, mwenzako wa zamu miaka kumi na minne. Alieleza kwamba ulikuja kumpokea zamu, ukapanda juu ya tanuri kuziba ufa, udongo ukatitia, mguu wa kulia ukazama mpaka pajani. Akakuvuta. Akakubeba mgongoni. Ukakata roho njiani. Alikuwa analia kuliko wafiwa wenyewe, na hilo peke yake lilinitia shaka.

Mimi nikapiga hesabu, kama ulivyonizoesha. Treni ilipita stesheni saa saba. Rajabu mwenyewe alisema ulitumbukia wakati treni bado inasikika. Kutoka tanurini mpaka kijijini ni dakika arobaini kwa mtu mwenye mzigo. Nilipima, nikatembea na gunia mgongoni mara mbili ili nisimwonee. Yeye alifika saa kumi kasorobo. Toa dakika arobaini. Zinabaki saa mbili na dakika tano. Alikuwa wapi? Nilipomuuliza alisema, "Nilichoka, nikapumzika." Rajabu huyu anayebeba magunia mawili kwa mpigo!

Tena kijiti. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayetoka zamu huchomeka kijiti chenye majani mabichi kila mahali anapodhani tanuri limeoza kwa ndani, moto umelila likabaki ganda, ili anayeingia akiona majani yamenyauka asipite. Kesho yake kulipokucha nilikwenda kuangalia. Hakukuwa na kijiti hata kimoja. Nilimshika shati. Akasema, "Karani, tangu lini tumemwekea mjomba wako vijiti? Yule anaona kwa miguu."

Ni kweli, na ukweli wake ulinikasirisha zaidi. Vijiti tulikuwa tunawekeana sisi. Wewe ulikuwa unapanda miguu mitupu, unaweka kidole gumba kwanza, halafu kisigino, unasikiliza. "Ukihisi joto la uji, panda. Ukihisi joto la chai, shuka." Miaka yote ile hukukosea hata mara moja, na sisi tukazoea, tukaacha.

Lakini mabuti, je? Jozi mpya, wakati mtu anapanga foleni siku nzima kwa kipande cha sabuni! Saa mbili zilizopotea, vijiti visivyokuwepo, mabuti yasiyoonekana. Nikajumlisha. Nikasimama mbele ya balozi wa nyumba kumi, watu wamejaa, nikasema kwamba Rajabu alikuacha uungue na mabuti yako ameyala. Yeye akajibu neno moja tu: "Mabuti siyajui." Baada ya hapo watu waliacha kumwitikia salamu. Akaondoka kwenda Kwala kutafuta kibarua, akaacha nyumba yake na mikorosho ishirini na mitatu.

Mwezi huu ameleta ombi kwa balozi shauri limalizwe. Kikao ni kesho Ijumaa, baada ya swala. Nikishikilia maneno yangu, shamba lake atapewa mtu mwingine na jina lake ndiyo limekwisha hapa. Nilikuwa nimeshapanga kushikilia, Mjomba. Nilikuwa nimepiga pasi kanga ya kwendea.

Sasa sikia lililotokea Jumatatu.

Alikuja mtaalamu mmoja Mzungu, anapima matanuri yanavyopoteza joto. Watoto wamemwita Bwana Joto. Amefuatana na bwana miti wa kumtafsiria, na kibarua wa kumbebea betri za akiba, na kibarua mwenyewe, amemchukua Kwala, nani? Rajabu. Alinipa shikamoo ya utani kama zamani. Sikuitikia.

Bwana Joto ana kamera ya kushika mkononi, nene kama tochi ya mlinzi wa stesheni, ina jicho la kioo cheusi. Kabla ya kuiwasha humimina ndani maji fulani kutoka kwenye chupa kubwa ya chai, na maji yenyewe yanatoa moshi kwa ubaridi. Halafu unachungulia nyuma kwenye kidirisha. Anasema haioni mwanga, inaona joto. Penye moto panakuwa peupe, penye baridi peusi. Lazima iwe usiku, jua likiwa limeshaisahau ardhi.

Unanijua. Nilimwambia bwana miti, "Mwambie asubiri, nimjaribu." Nikachukua vikombe viwili vya bati, kimoja cha chai ya moto, kimoja cha maji ya mtungini, nikavificha kwenye majani, hatua thelathini kutoka aliposimama, giza totoro. Akachungulia, akaonyesha kidole penye chai. Nikabadilisha. Akapata. Mara sita nilibadilisha, mara sita alipata. Mara ya saba nikaweka vyote vya baridi nikamuuliza chai iko wapi. Akacheka, akasema nimeinywa. Rajabu naye akacheka. Mimi sikucheka, ila niliikubali kamera.

Akanipa mkononi. Mjomba, natamani ungeliona tanuri letu la tatu. Ule mgongo wa udongo ulikuwa wa kijivu, na juu yake madoa meupe. Mimi mchana nilikuwa nimechomeka vijiti vinne. Kwenye kidirisha yalikuwepo madoa matano. Lile la tano lilikuwa katikati ya njia yangu ya kupandia. Nikavua kandambili, nikaenda nikaweka kidole gumba pembeni yake. Chai. Chai kabisa. Nikajisemea, kumbe Wazungu wamehangaika miaka na vioo na maji ya moshi mpaka wakapata miguu ya mjomba wangu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefurahi. Lakini bado nilikuwa na kamera jichoni, na Bwana Joto alikuwa anazunguka tanuri, Rajabu nyuma yake na betri. Nikaona ardhi nyuma yao imeandikwa nyayo. Nyayo nyeupe, vidole vitano vitano, zinafifia taratibu. Nilihesabu: unyayo mmoja ulichukua mpaka arobaini na mbili kufutika. Zilikuwa za mtu mmoja. Nikasema, "Mbona huyu mwingine hana nyayo?" Bwana miti akauliza, akaniletea jibu: Rajabu yuko miguu mitupu, yeye Mzungu amevaa mabuti. Mpira haupitishi joto, wala la kutoka wala la kuingia.

Nikamwambia, "Rudia hapo mwisho."

"Wala la kuingia, dada. Mguu haujui chini kuna nini."

Rajabu aliitua betri chini. Hakunitazama. Nikajua kwamba yeye jambo hili alikuwa analijua siku zote, hata kabla ya kuletewa kamera.

Mjomba, mabuti yale yalikuwa yananipwaya mimi mwenyewe nilipoyajaribu. Yalikuja dukani jozi tano, foleni ilikuwa ya watu thelathini na mmoja, mimi nikiwa wa tano, na iliyobaki ilikuwa namba tisa. Mguu wako ni saba. Nikachana kanga yangu ya zamani, nikajaza vitambaa mbele na chini, tabaka kwa tabaka, mpaka yakakukaa. Nilifanya kwa sababu ya yale magaga yako yaliyokuwa yanatoka damu. Hapana, acha niseme ukweli, kwako naweza. Nilifanya kwa sababu kisimani walikuwa wanasema mpwa anafuatilia kibali bomani na mjomba hana viatu. Nilipokuuliza yanakutosha, ulinyamaza, ukatabasamu, ukatembea mpaka mlangoni na kurudi kama askari. Nikakuapisha usiyavue.

Asubuhi ya Jumanne nilimkuta Rajabu kwenye shimo la tanuri la zamani, anachimba kabla sijamuuliza. Alitoa kwanza la kushoto, zima. Halafu la kulia, limeyeyuka mpaka nusu, limejikunja. Ndani bado mna vitambaa. Kanga yangu ya njano, ile yenye maua ya mkorosho. Hakuna mwingine Mzenga aliyekuwa nayo.

Nikamwambia, "Ulisema mabuti huyajui."

Akasema, "Nilisema alivyotaka niseme." Kisha akaeleza, akiangalia jembe. Kwamba alipokuvuta ulikuwa na akili zako. Kwamba hukuuliza mguu, uliuliza mimi narudi lini. Kwamba ulimwambia, "Yavue haya, uyafukie. Karani asiyaone." Akakukatalia kwanza, akataka kukuwahisha. Ukamshika mkono hukumwachia mpaka akayavua, na la kulia lilichukua muda mrefu, sitaandika namna gani. Akayafukia. Ndipo akakubeba. Hizo ndizo saa mbili na dakika tano zangu.

Hesabu inakaa. Nimeirudia usiku wa siku tatu na inakaa, na ndiyo maana siiamini. Kwa sababu, Mjomba, angalia upande wa pili: mtu aliyekosea zamu, akaua kwa uzembe, akaona mwenye kesi ameshaanza kulia, angeweza kutunga maneno matamu zaidi ya hayo? Mabuti ulivaa, hilo vitambaa vimeshuhudia. Lakini maneno hayana kitambaa. Aliyeyasikia ni mmoja, na ndiye anayehitaji niyaamini. Halafu tena nageuza: mtu huyo alikaa mwaka mzima bila salamu, akaacha mikorosho yake, na kitu cha kumsafisha alikuwa nacho, hatua themanini kutoka tanurini kwangu. Mwizi gani anavumilia hivyo?

Kwa hiyo nimeishiwa watu wa kuwashuku, nimebaki na wewe. Ulijua. Si wewe uliyesema mguu ndio jicho? Ulijua tangu siku ile pale mlangoni kwamba ndani ya yale mabuti umekuwa kipofu, na ukapanda, kwa sababu mtoto amekuapisha. Ungenitukana tu! Ungesema, "Karani, rudisha takataka zako dukani." Ningenuna siku mbili. Siku mbili tu, Mjomba, nawe ungebaki hai.

Kesho nitakwenda kwenye kikao. Nitabeba mabuti yote mawili, nitayaweka mezani kwa balozi na kusema ni ya nani, nani aliyanunua, na nani aliyajaza vitambaa. Nitamwita Rajabu mjomba mbele ya watu wote, na tanuri la tatu litakuwa lake kuanzia jioni. Hilo nakuahidi, na halingoji jibu lako. Na kwenye matanuri yangu hakuna atakayepanda na kiatu, wala hakuna zamu itakayotoka bila kijiti, hata anayeingia awe nani.

Lala salama, mzee wangu. Miguu yako waliiosha vizuri, wameniambia.

Lakini swali langu liko palepale, nataka unijibu wewe, si Rajabu: ulisema "Karani asiyaone", au hukusema? Ndiyo au hapana. Utajibu kwa njia gani sijui, hiyo ni kazi yako. Kunyamaza sikupokei, kunyamaza kwako ndiko kulikokupandisha pale juu. Adhana ya Ijumaa ni saa sita na nusu. Kuanzia alfajiri nitakuwa kwenye gogo letu, miguu mitupu, mpaka saa sita na robo.

Mpwa wako,
Zaituni