Bomba Ulilolifukia

Nyumbani, mlango wa karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na pacha wetu. Mgongo je? Umeacha kubeba mizigo kama ulivyoahidi, au bado unajifanya una miaka ishirini? Sisi hatujambo. Mama ana nguvu za kutugombeza sote, kwa hiyo yu mzima.

Kazi yangu ya kupima maji ya mto inaendelea. Kila Jumatatu mimi na dereva tunasimama sehemu saba, tunajaza chupa, tunapindua mawe na kuhesabu wadudu walio chini yake. Wadudu wakitoweka, ujue maji yana kasoro.

Basi mwaka mzima tangu niianze kazi hii, kuanzia darajani kwenda chini, wadudu hawakuwapo, na watoto wa huko walikuwa wakiwashwa ngozi. Ajabu, chupa zangu zilitoka safi. Nikawashuku waosha magari wa pale darajani. Niliwasema vibaya mbele za watu, na mdomo wangu unaujua.

Mwezi wa kumi na moja dereva aling'olewa jino, safari ikasogea hadi Alhamisi. Pale darajani chupa ikajaa maji ya zambarau. Niliifuata rangi kwa miguu kupanda mto, nikawapita waosha magari, hadi kwenye mdomo wa bomba. Ni lile ulilolifukia wewe kabla hujasafiri, ili Mama asibebe tena ndoo za maji ya rangi. Alhamisi ndiyo siku anayotia vitambaa rangi na kumwaga mapipa. Nilijua bomba lipo, ila sikuwahi kujiuliza linaishia wapi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nililia, sikufichi. Ripoti naisaini mimi, na karakana ile ya Mama ndiyo iliyotusomesha. Ofisi yangu ingeweza kuifunga. Siku mbili nilizunguka na ripoti mkobani, kisha nikamweleza Mama. Alifuta mikono, akasema, "Andika ulichokiona. Watoto wanaowashwa huko chini nao wana mama zao."

Nikaandika. Ofisi ikampa miezi miwili achimbe mashimo matatu ya kuchujia, yenye kokoto, mchanga na mkaa. Nilienda kuwaomba radhi waosha magari. Walinicheka hadi nikatamani ardhi ipasuke, halafu wakaja na majembe yao.

Sasa kila Alhamisi Mama huchota glasi kwenye shimo la mwisho, akaiinua dirishani na kuniita nikaone. Juzi nilipindua jiwe pale darajani nikakuta wadudu wawili. Wawili tu, Kaka, lakini nilifurahi, nikawatazama mpaka dereva akapiga honi.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama huko mnakula vizuri. Msalimie sana shemeji, na pacha uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awatangulie kila mnapokwenda.

Nusura nisahau: bomba tumeliziba, lakini bado limo ardhini. Waosha magari walitaka kuling'oa, Mama akakataa katakata. Anasema aliyelifukia ndiye atakayelifukua, na jembe lako amelisimamisha nyuma ya mlango. Miaka sita hajakuomba urudi hata mara moja. Kaka, hivi ndivyo anavyoomba.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, mpima maji