Swala Waliofunguliwa Kabla ya Umande Kukauka

Mjukuu wangu mpenzi Salma,

Pokea salamu zetu kutoka Hail. Sote tu wazima, na goti la bibi yako limepata nafuu. Umeniuliza iwapo uwafungulie sasa paa unaowafuga huko Unguja, waingie konde la kunde ulilowapandia. Nna khofu, mwanangu, na khofu hiyo nnayo tangu ujana.

Nilipotoka chuo cha kilimo niliajiriwa na tajiri mmoja nje ya Maskati, niwapandie swala wake barsimu, majani mabichi ya malisho. Asubuhi aliyokuja kukagua, nilitaka awakute wanakula katikati ya konde. Mchungaji wao, Mzee Khalfan, alinizuia: "Subiri umande ukauke. Wape majani makavu kwanza."

"Ami, haya nimeyasomea," nikamjibu, nikafungua lango.

Haikupita saa, swala mwenye mimba akaanguka, tumbo limefura, pumzi zinamkwama. Nilibaki pale langoni.

"Njoo ushike kichwa, msomi!" alipiga kelele Mzee Khalfan, huku akimkanda ubavu.

Nilikishika, moyo wa swala ukienda mbio viganjani mwangu, nikidhani kila pigo ni la mwisho. Kwa rehema za Mola akateuka, hewa ikamtoka tumboni, akasimama.

Tajiri alifika wakati huo, akauliza ni nani aliyefungua lango. Mzee Khalfan alinitazama, akaenda kulifunga. Nikasema, "Ni mimi."

Basi usifungue leo, kwani kunde mbichi nazo hufurisha tumbo kama barsimu. Muulize kwanza anayewalisha paa hao kila siku, nawe umsikilize mpaka amalize.

Babu yako akuombeaye,
Said