Mikaratusi ya Baba Pale Chemchemini

Mtama, Lindi
6 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Shaaban,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kile kikohozi cha baridi ya Australia kimekuachia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila nyumba bado haijazoea kutokuwepo kwa Baba. Nikifagia, naiondoa fimbo yake mlangoni, kisha nairudisha palepale.

Habari ulizoandika za koala zimenihuzunisha: misitu yao kukatwa, moto, magari, maradhi ya macho, tena na mbwa walioletwa na watu kutoka mbali. Ile picha uliyotuma pamoja na mbegu za mikaratusi, koala kabeba mtoto mgongoni, bado ipo ukutani. Baba alikuwa akisema kafanana na mume wangu Bakary akishiba.

Umeomba tusiikate mikaratusi ya Baba, kwa kuwa ni kumbukumbu yake, na huko kwenu kila mti ni nyumba ya mnyama. Nimekuelewa. Lakini huku hakuna koala, Shaaban. Hata ndege sijaona akijenga humo. Baba aliipanda karibu na chemchemi ili miche isimfie kiangazi, naye alifurahi sana ilipokua upesi. Sasa inayanywa maji yetu.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Siku ya mazishi, maji ya kumwoshea Baba yalichelewa. Wanawake waliinama pale wakichota kwa kifuu, wanangoja yajikusanye, wanachota tena. Waliokuja kuzika walikaa uani wakingoja. Jirani yetu Bi Kazija alipoleta ndoo ya mwisho aliniambia taratibu, "Mwanangu, miti hii ya baba yako itakuja kutuzika bila kuoshwa."

Tangu siku ile maji yamezidi kupungua. Wazee wa kijiji wamekuja kuomba ikatwe kabla hayajakauka kabisa. Mama ameridhia, nami nimeridhia. Lakini mirathi haijagawanywa, nao hawawezi kugusa shamba la marehemu mpaka warithi wote wakubali. Umebaki wewe tu.

Usidhani tukishakata yatakuwa yamekwisha. Siku ya msiba tuliangusha mti mmoja, tukapata vipande vya kufunikia mwanandani wa kaburi lake. Juzi nilipita pale. Kisiki kimechipua pande zote, na machipukizi yananifika kiunoni. Itabidi tung'oe mpaka mizizi, nasi hatuna muda mwingi. Nipigie, uniambie neno moja tu.

Bakary anakusalimu, na Bi Kazija pia. Mama bado yumo edani, naye anakusalimu sana. Tangu asikie yale maneno ya Bi Kazija, kila ndoo ikiingia anachota kidogo, anamimina kwenye mtungi ulio chini ya kitanda chake, anaufunika. Hataki mtu auguse.

Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwetu utukute sote.

Dada yako akupendaye,
Mwanahija